Gari Alilokataa Mama

Wacha nianze na jambo ambalo kila mtu kwa ploti yetu analijua: niligonga pikapu iliyobeba nyanya kwa nyuma, mama yangu akiwa kiti cha mbele, na tangu siku hiyo mama akakataa kupanda gari langu. Yote niliyofanya baadaye kwa wiki sita, mgongo kwa changarawe na uso ndani ya injini, niliyafanya ili apande tena. Sikuwa natafuta sifa za majirani. Majirani wa Kamenu, mtaa wetu hapa Thika, wakikusifu, angalia vizuri, kuna kitu umeharibu.

Ajali yenyewe ilikuwa ya kijinga. Mama anakaa Ruiru, kwa kale kanyumba kake ambako sasa kamezungukwa na magorofa ya kukodisha mpaka nguo zake hazioni jua. Ana presha na sukari, na kila mwezi mimi ndiye humtoa Ruiru nikamleta kliniki Thika, kisha nikamrudisha. Asubuhi hiyo tulikuwa tunaingia barabara kuu, jamaa mmoja wa kigari cha mikate akanichomekea bila hata indiketa. Nikampigia honi. Akatoa mkono dirishani akapunga, vile mtu anaaga shangazi yake kwa steji ya matatu. Huo mkono! Mpaka leo nikiukumbuka naskia joto kwa masikio. Nikamfukuza, nikamfikia ubavuni, nikashusha kioo nimwambie yeye ni nani na amelelewa vipi. Nilikuwa bado kwa sentensi ya kwanza wakati pikapu iliyokuwa mbele yangu iliposimama.

Boneti ilikunjika katikati. Taa zote mbili zikaisha, rejeta ikaanza kutema maji ya kijani, na nyanya tatu zikaanguka juu ya kioo. Mama mkanda ulimshika, hakuumia, isipokuwa kifua kilichomsumbua siku mbili tatu. Hakupiga kelele. Alifungua mkanda, akachukua mkoba na kitabu chake cha kliniki, akashuka, akaenda kumuuliza mwenye pikapu kama yuko sawa. Mimi wakati huo nilikuwa nimesimama katikati ya barabara nikitafuta kigari cha mikate kimeenda wapi.

Jumamosi iliyofuata nilienda kwake na mfuko. Kwetu mwanaume mzima haombi msamaha na mdomo. Baba yangu hakuwahi, na baba yake hakuwahi. Unanunua sukari kilo mbili, majani chai, mkate na mafuta ya kupikia, unaweka mezani, unasema ulikuwa unapita tu. Aliyekosewa anachemsha chai na ile sukari uliyoleta, mnakunywa, mambo yameisha. Haijaandikwa popote lakini hata mtoto wa darasa la kwanza anaijua.

Niliweka mfuko mezani. Nikasema nilikuwa napita. Mama akashukuru, akatoa vitu kimoja kimoja, akavipanga kwa kabati, akafunga kabati. Kisha akachukua mkebe wake wa zamani, akachota sukari yake mwenyewe, akatengeneza chai na hiyo.

Nilikunywa nusu kikombe. "Maitu, mama yangu," nikamwambia, "huyo mtu wa mikate..."

"Baba," akanikatiza. Huniita hivyo kwa sababu mimi ni mvulana wa pili na nimebeba jina la baba yake. "Siku ya kliniki usijisumbue. Nitapanda matatu."

Basi nikaelewa, au nikadhani nimeelewa. Sukari imekataliwa kwa sababu ni ndogo. Kosa la gari haliwezi kulipwa na sukari. Nitaleta gari lenyewe, pua imenyooka, bila alama, aone mtoto wake amefanya kazi na mikono yake, na mambo yatakuwa yameisha. Niliona hiyo ni akili sana.

Na singelipeleka kwa gereji. Hao watu wa kunyoosha bodi nawajua. Hawanyooshi kitu. Wanagonga panapogongeka, na pale pengine wanajaza filla nene kama ukuta wa benki, wanapiga msasa, wanapaka rangi, wanakuambia "mpya kabisa, mzee". Baada ya mvua mbili inaanza kubanduka na unagundua umekuwa ukiendesha plasta. Mimi nimefunga mashine za kiwanda hapa Thika miaka ishirini na nane. Shafti ikienda mrama upana wa unywele, mimi ndiye nilikuwa naitwa. Siwezi kumpa gari langu mtu anayepima na jicho moja huku amefunga lingine kwa sababu ya moshi wa sigara yake.

Nikalivuta hadi nyumbani, nikaliweka chini ya mparachichi uani, nikaanza kulivua. Bampa, grili, taa, boneti, rejeta, na lile fremu la mbele linaloshika rejeta, ambalo lilikuwa limeingia ndani mpaka likagusa feni. Kila bolti ilikuwa na kutu na kila bolti ilinitukana. Siku ya pili tayari nilikuwa na mtazamaji. Jirani yangu wa nyumba ya pili, dereva wa lori aliyestaafu, alileta stuli yake na kikombe chake cha chai akakaa mita mbili kutoka kwangu, kana kwamba amekata tiketi.

"Hapo unaanza vibaya," akasema.

"Wewe uliendesha lori miaka thelathini. Hukulinyoosha."

"Niliendesha miaka thelathini," akasema, akapuliza chai, "na sikuhitaji kulinyoosha."

Mtu ambaye kazi yake maishani ilikuwa kukaa, hata akistaafu atakaa tu, na akikaa lazima mdomo utafute shughuli.

Tatizo kubwa halikuwa boneti. Boneti ni bati, unanunua nyingine. Tatizo lilikuwa chasi. Nilifunga uzi kutoka bolti ya mbele kushoto hadi ya nyuma kulia, halafu nikageuza, kulia hadi kushoto. Vipimo viwili vinafaa kuwa sawa. Havikuwa sawa, tofauti ilikuwa vidole viwili. Maana yake mkono wa kushoto wa chasi ulikuwa umerudi nyuma, na hapo ndipo mafundi wa barabarani hukuambia "haionekani, mzee, endesha tu". Haionekani! Hata minyoo kwa tumbo haionekani.

Niliazima winchi ya mkono na mnyororo. Mpango ulikuwa rahisi: nyuma ya gari nafunga kwa mparachichi, mbele mnyororo unaenda kwa nguzo ya geti, kisha navuta pole pole mpaka chuma kirudi. Jirani akaangalia nguzo, akaangalia mimi, akahamisha stuli yake nyuma hatua tano. Hiyo ndiyo roho mbaya ya watu wa Kamenu: ushauri wanakupa siku zote, isipokuwa siku unauhitaji.

Nilivuta. Mnyororo ukakaza, ukalia kidogo. Nikavuta tena. Chasi haikusonga hata nukta. Nguzo ya geti ndiyo ilikuja, nzima nzima na kipande cha simiti chini kama jino la ng'ombe, na geti likaifuata, na kamba ya nguo ya mama wa nyumba ya tatu ikafuata geti. Shuka zake nyeupe zikalala kwa vumbi. Ngai mwema, hizo kelele alizopiga! Ungedhani nimeangusha kanisa.

Nikasema palepale, watu wote wakisikia, kwamba aliyejenga hiyo nguzo ni mwizi, alimwaga simiti nyepesi kama uji wa mgonjwa, na mwenye ploti anafaa kumtafuta.

"Nyani haoni kundule," jirani akaambia kikombe chake.

Mke wangu alikuwa mlangoni, mikono kiunoni. Yeye si mtu wa maneno mengi, na afadhali angekuwa. "Nguzo pia ni makosa ya mtu mwingine?" akauliza, akarudi jikoni.

Nilirudisha nguzo na simiti ya kweli. Shuka nikalipa kwa kuzifua mwenyewe, adhabu iliyotolewa na mke wangu bila kesi. Kisha nikafanya vile nilifaa kufanya tangu mwanzo: nikageuza gari pua iangalie mparachichi, nikachimba mashimo mawili magurudumu ya nyuma yazame, nikayakaza na mawe, nikafunga mnyororo kwa mti. Navuta kidogo, nagonga chuma na nyundo pale kilipojikunja, naachilia, napima na uzi. Navuta tena. Siku nne. Siku ya nne vipimo viwili vikalingana na nikakaa chini kwa mchanga nikiwa na furaha ya kipumbavu. Nikamwangalia jirani. Akainua kikombe. Sikutaka pongezi zake lakini nilizichukua.

Mbele nzima niliipata Ruiru, kwa hao wauzaji wa vipande vya magari yaliyokatwa ng'ambo. Wanayapanga kando ya barabara, pua bila matumbo, matako bila vichwa. Nilipata pua ya gari kama langu, ya rangi ya kijani kibichi.

"Hii ni orijino, mzee wangu," muuzaji akaniambia. "Haijawahi kugonga mahali."

"Kama haijagonga, ilikatwa kwa nini? Iliumwa na kichwa?"

Akacheka sana. Watu hawa ukiwatukana wanacheka, ndiyo maana hawajifunzi. Nilikagua kila kona, nikakataa taa ya kushoto iliyokuwa na ufa aliousugua na mate, nikapewa nyingine.

Mama wakati huo alikuwa ameshaenda kliniki na matatu mara moja. Nilimpigia simu jioni yake. Akasema alifika salama, presha iko vile iko. Sikumuuliza kama atakuja na mimi mara nyingine. Nilimwambia tu gari linakuja vizuri. "Ni vizuri," akasema, kwa ile sauti ya mtu anayeambiwa habari za mvua ya wilaya nyingine.

Halafu kukawa na maombi. Kina mama wa kanisa lake walienda kwake kutoa shukrani kwa sababu alinusurika, na mke wangu akaenda. Mimi nilibaki na msasa wangu. Hao kina mama wakiomba hawafungi macho yote, lazima moja lihesabu masufuria ya mwenye nyumba. Mke wangu alirudi, akavua viatu, akakaa akiniangalia.

"Nini?" nikauliza.

"Wamemuuliza mama ana hitaji gani la maombi."

"Presha."

"La. Amesema wamwombee kijana wake hasira zipungue."

Kijana! Nina miaka hamsini na tano. Nina meno mawili ya kubandika na mjukuu. Na sasa kuna wanawake kumi na wawili wa Ruiru, wengine nadaiana nao salamu, wanaopiga magoti asubuhi wakitaja hasira zangu kwa Mungu pamoja na ukame. Nilirudi kwa gari nikasugua fenda la kulia kwa nguvu mpaka nikatoboa rangi nikafika kwa chuma kitupu, na ikabidi nianze upya. Nilimlaumu aliyetengeneza msasa.

Rangi ilinitesa wiki nzima. Gari langu ni la rangi ya fedha, na rangi ya fedha ndiyo ya unafiki kuliko zote. Asubuhi inafanana, saa sita inafanana, saa kumi jua likilala unaona boneti ni ya samawati kidogo na milango si ya samawati. Nilijenga kibanda cha nailoni, nikapaka, nikakosea, nikasugua, nikapaka. Kuku wa mama wa shuka alipita juu ya boneti ikiwa mbichi, na sitasema kuku alitumwa, lakini mwenyewe alikuwa dirishani. Nikapaka tena. Mwishowe hata jirani alizunguka gari mara mbili akikodoa macho, akashindwa kuonyesha palipogongwa.

Nilijaza maji ya rejeta, nikatoa hewa kwa mfumo, nikaliwasha. Nikalipeleka hadi mto Chania, pale mlima unapanda kutoka kwa daraja, gia ya pili, makusudi, nikiangalia sindano ya joto. Haikutikisika. Nikaachilia usukani sekunde moja penye barabara tambarare. Lilienda moja kwa moja. Niliegesha, nikafungua boneti, nikaifunga. Mlio mmoja tu, mzito, sio ile kang'a-kang'a ya magari ya watu. Nilisikia machozi karibu, wacha niseme ukweli. Kazi nzuri ni kazi nzuri hata kama imefanywa na mimi.

Asubuhi ya kliniki mke wangu alinisindikiza hadi getini. "Mwambie tu," akasema.

"Nimwambie nini?"

"Haiya. Kama hujui, basi."

Nilifika Ruiru mapema. Mama alikuwa tayari, kitambaa cha kichwa cha kanisani, mkoba, kitabu cha kliniki. Alikuwa amejipanga kwenda steji. Nilishuka nikasimama kando ya gari, na yeye akalizunguka pole pole. Akapitisha kiganja kwa boneti. Akainama akaangalia taa. Mama aliuza mboga sokoni miaka arobaini, akiangalia kitu amekiangalia.

"Umefanya kazi, baba," akasema.

Kisha akafungua mlango wa mbele akaingia.

Ningeweza kuimba. Niliingia upande wangu, nikamfungia mkanda, nikatoka kwa ile njia yake ya mawe nikikwepa kila shimo. Nilikuwa nawaza vile nitamwambia mke wangu kwamba sikuhitaji kusema lolote, kwamba mimi najua mama yangu. Nilikuwa nimeshinda.

Tulikuwa karibu kutokea kwa lami wakati bodaboda ilipotoka kushoto, kutoka pale wanapongojea wateja, ikanikata mbele. Nilikanyaga breki. Tulisimama kwa wakati. Hakuna aliyeguswa, ila ule mkia wake wa plastiki ulipitia bampa ukaacha mstari, mwembamba, urefu wa kiganja. Kwa bampa langu la wiki sita.

Hapo ndipo nilifaa kunyamaza. Nilishusha kioo. Sitaandika yote niliyosema. Nilianza na yeye mwenyewe, nikaenda kwa pikipiki yake, nikaenda kwa aliyempa leseni, na nikafika kwa mama yake. Nilisema mambo juu ya mama yake ambayo mtu hasemi, na mama yangu akiwa ameketi sentimita chache kutoka kwa mdomo wangu.

Yule mtu alizima pikipiki, akavua helmeti. Alikuwa mzee wa rika langu, ndevu zina mvi. "Ni makosa yangu, mzee wangu," akasema. "Sikuangalia. Nisamehe, tafadhali. Na mama nisamehe, nimekushtua."

Kuomba msamaha kulimchukua pumzi moja. Maneno yangu mengine bado yalikuwa foleni.

"Fungua," mama akasema.

"Maitu, amechubua..."

"Nimeona. Fungua mlango."

Alishuka. Alifunga mlango taratibu, vile watu hufunga mlango wa chumba cha mgonjwa. Mama yangu, ambaye hajawahi kukalia bodaboda maishani, ambaye aliwaambia wajukuu wote kwamba atakayepanda hicho kitu asije kwake, alienda kwa yule mzee akamuuliza kama anaweza kumfikisha steji. Mzee akaniangalia, akaogopa. Mama akamgusa bega. Mzee akampandisha, upande upande, magoti pamoja, mkoba mapajani, na akamvisha helmeti yake mwenyewe juu ya kile kitambaa cha kanisani.

Niliwafuata. Sijui nilikuwa nataka nini. Nilienda nyuma yao kwa mwendo wa mtu anayetembea, magari yakinipigia honi, na kwa mara ya kwanza sikushusha kioo. Yule mzee aligeuza kichwa nusu akasema kitu, na mama akacheka. Niliona mabega yakitikisika. Alikuwa amemshika mtu asiyemjua kwa mkono mmoja tu, kwa vidole, vile mtu hushika kikombe. Kwa gari langu, miaka yote hiyo, kabla ya pikapu, kabla ya kila kitu, mama alikuwa akishika mkanda na mikono miwili kutoka Ruiru hadi Thika, na mimi nilidhani wazee ndivyo wanavyokaa.